Bunduki kuukuu za Marekani: Faida iko kwenye spea au kwenye ushahidi?

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wanaamini kwamba kitu cha kale kikikarabatiwa kwa spea zake za asili, thamani yake hurudi pale ilipokuwa. Soko la bunduki za zamani za kijeshi nchini Marekani linaonyesha kwamba imani hiyo ni nusu tu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki imewagharimu watu mitaji yao.

Wiki hii tunalitazama soko hilo kwa karibu. Tangu mwanzo msomaji aelewe kwamba hii si biashara ya kuagiza kwa posta. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Marekani nayo inadhibiti uuzaji wa silaha na spea zake nje ya nchi. Tunaliandika soko hili kwa sababu linaonyesha waziwazi namna bei ya kitu adimu inavyopangwa, na namna mnunuzi anavyoweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

BIDHAA YENYEWE

Bunduki inayohusika ni M1, ambayo wengi huiita Garand kwa jina la mbunifu wake, John C. Garand. Mzaliwa huyo wa Quebec, Canada, alifanya kazi katika kiwanda cha serikali cha Springfield Armory, jimbo la Massachusetts, tangu mwaka 1919. Jeshi la Marekani liliipitisha bunduki yake rasmi Januari 1936. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake, yaani inayojipakia risasi yenyewe, kufanywa silaha ya kawaida ya askari wa miguu wa taifa kubwa. Ina uzito wa kilo 4.3 hivi na hubeba risasi nane kwa mara moja.

Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1957 zilikuwa zimetengenezwa takriban milioni 5.4. Mbali na Springfield, kampuni ya Winchester ilizitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na miaka ya 1950 zikaingia International Harvester na Harrington & Richardson. Garand mwenyewe aliikabidhi serikali haki za ubunifu wake na hakulipwa mrabaha. Muswada wa kumpa dola 100,000 ulifikishwa Bungeni lakini haukupita.

Kwa idadi ya milioni 5.4, mchumi yeyote atasema hapo hakuna uadimu. Kwa bunduki ya kawaida atakuwa amesema kweli. Uadimu uko kwenye zile za mwanzo, na chanzo chake ni uamuzi wa kiwandani wa mwaka 1940.

KWA NINI ZA MWANZO HAZIPATIKANI

Bunduki za kwanza zilianza kutoka kiwandani mwaka 1937, kwa kasi ya kumi hivi kwa siku. Ziliendeshwa na gesi ya baruti iliyonaswa mbele kabisa, pale risasi inapotoka. Mtutu wenyewe ulikuwa mfupi kidogo, na mbele yake ilifungwa silinda yenye mdomo wa ziada. Risasi ilipovuka mwisho wa mtutu, sehemu ya gesi ilinaswa ndani ya silinda hiyo na kusukuma ufito unaofungua bolti.

Mpango huo ulikuwa na matatizo. Masizi yalijaa mbele, na silinda iliyobeba kilengeo cha mbele haikukaa imara kama ilivyotakiwa. Mwaka 1940 kiwanda kiliachana nao. Mtutu ulirefushwa, ukatobolewa tundu dogo chini karibu na mdomo, na gesi ikawa inapita hapo. Mpango huo mpya ndio uliodumu hadi mwisho.

Zilizokuwa zimetengenezwa kwa mpango wa zamani ni takriban 50,000 tu, sawa na chini ya moja katika kila mia ya bunduki zote. Nyingi hazikubaki zilivyo, kwani jeshi liliziita kiwandani au kuzingoja zifike kwenye karakana, likang'oa mitutu na silinda za zamani na kufunga mpya. Vilivyong'olewa vilikuwa chuma chakavu. Wakati huo hakuna aliyefikiri kwamba baada ya miongo kadhaa silinda moja ya aina ile ingetafutwa kama lulu.

Kutokana na historia hiyo, makasha ya chuma yenye namba ndogo, ambayo ndiyo mwili wa bunduki, bado yanaonekana sokoni, lakini yamevaa mavazi ya baadaye. Mwenye kasha anatafuta silinda, mwenye silinda anatafuta mtutu, na mwenye mtutu hataki kuuza. Huko ndiko biashara ya ukarabati wa spea za asili inakozaliwa.

SPEA ZINASOMWA KAMA KADI YA GARI

Mnunuzi wa Land Rover kuukuu pale Gerezani hukagua namba ya chasisi na ya injini kabla ya kutoa senti. Kwa Garand ukaguzi ni mrefu zaidi, kwa sababu spea nyingi kubwa zina maandishi yake zenyewe.

Bolti ya Springfield, kwa mfano, ina namba ya mchoro D28287, ikifuatiwa na tarakimu ya marekebisho na herufi SA. Ya Winchester ina herufi W.R.A. Tarakimu ya marekebisho ilipanda kadiri mchoro ulivyobadilishwa, hivyo bolti yenye tarakimu kubwa haiwezi kuwa ilitoka kiwandani ndani ya bunduki ya mwaka 1939. Baada ya vita namba zilibadilishwa kabisa, na bolti ileile ikawa inaandikwa 6528287. Nyundo, kifyatulio na ufito navyo vina maandishi ya namna hiyo, na mitutu mingi ya Springfield imepigwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Mbao nayo husema. Kitako cha mjozi kilipigwa muhuri wa mkaguzi ubavuni. Herufi GHS ni za Gilbert H. Stewart na NFR ni za Norman F. Ramsey, ambao kwa nyakati tofauti waliongoza kiwanda cha Springfield. Vitako vya kwanza kabisa havikuwa na tundu la kuwekea vifaa vya kusafishia, na bamba lake la nyuma halikuwa na kifuniko. Mtu akikuletea bunduki anayodai ni ya mwaka 1938, ikiwa na kifuniko hicho, ujue kuna mkono uliopita.

Kuna kasoro nyingine ambayo kwa mgeni huonekana ni uharibifu. Makasha ya mwanzo yalikuwa na hitilafu iliyosababisha risasi ya saba kukwama, na kiwanda kiliirekebisha kwa kuchomelea chuma ndani. Fundi asiyejua historia anaweza kuisugua alama hiyo ya kuchomelea ili kasha lipendeze. Kwa kufanya hivyo atakuwa amefuta ushahidi wa kiwanda chenyewe na kushusha bei ya mali ya mteja wake.

NGAZI TATU ZA BEI

Soko hili, kwa ufupi, lina ngazi tatu.

Ngazi ya chini ni bunduki za mchanganyiko, na hizo ndizo nyingi. Baada ya vita karakana za jeshi zilizifungua bunduki zote, zikaweka bolti kwenye pipa la bolti na nyundo kwenye pipa la nyundo, kisha zikaunga upya bila kujali spea ipi ilitoka wapi. Bunduki zilizopita huko mara nyingi zina muhuri wa karakana kwenye mbao. Huo si ulaghai, kwa kuwa ndiyo historia halali ya bunduki hizo, na nyingi zilikwenda kupigana Korea zikiwa katika hali hiyo.

Ngazi ya kati ni zilizokarabatiwa kwa spea sahihi. Mwenye mali amekusanya spea za asili za kiwanda kilekile na za kipindi kilekile, akazifunga kwenye kasha lake. Kila spea ni halisi, lakini hazikuzaliwa pamoja.

Ngazi ya juu ni zile ambazo hazijaguswa, zilizotoka kiwandani na kubaki zilivyo.

Tofauti kati ya ngazi ya pili na ya tatu si maneno ya madalali tu. Shirika la CMP, lililoundwa kwa sheria ya Bunge la Marekani mwaka 1996 ili kurithi kazi ya kuuza bunduki za ziada za jeshi kwa raia wanaostahili, liliwahi kuziuza kwa madaraja yaliyotenganisha jambo hilohilo. Daraja moja lilikuwa la bunduki zenye spea sahihi, na jingine, la bei ya juu zaidi, lilikuwa la bunduki za wakusanyaji zilizobaki katika hali yake ya awali. Shirika hilo lilikubali kwa bei kwamba usahihi ni jambo moja na uasili ni jambo jingine.

HESABU YA MKARABATI

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya hesabu tu.

Mtu ananunua bunduki ya mchanganyiko ya miaka ya vita kwa dola 1,500. Kwa mwaka mmoja na nusu anatafuta bolti, ufito, kilengeo cha nyuma na kitako cha kipindi chake, na anatumia dola 900. Gharama inafika dola 2,400. Anauza mnadani kwa dola 3,000, mnada unakata asilimia 15, yaani dola 450, na anabaki na dola 2,550. Spea alizozitoa anaziuza kwa dola 200. Faida yake ni dola 350, au asilimia 14.6 kwa miezi 18, kabla ya kuhesabu nauli, posta na jioni alizozitumia mezani.

Sasa tuseme mkaguzi wa mnada anagundua kwamba muhuri wa kwenye kitako ni wa kughushi, na bei inaanguka hadi dola 2,300. Baada ya ada ya dola 345 anabaki na dola 1,955, na akiongeza zile 200 anapata 2,155. Amepata hasara ya dola 245 kwa sababu ya alama moja kwenye ubao.

Mfano huu unaeleza tabia ya soko zima. Faida ni nyembamba, muda ni mrefu, na kosa la kipande kimoja hula faida ya vipande vyote. Wanaofanikiwa ni wale walionunua spea zamani kwa bei ya chuma, au wenye ujuzi wa kutambua spea adimu ndani ya sanduku la takataka.

Mfano mzuri ni kilengeo cha nyuma cha kipindi cha vita, chenye kipande cha kukazia mithili ya kishikizo. Karakana zilipofunga vya aina mpya baada ya vita, vingi vya zamani vilitupwa. Kwa hiyo kifaa ambacho jeshi lilikiona hakina maana sasa kinauzwa peke yake kama bidhaa kamili.

BANDIA ZINAVYOINGIA

Palipo na uhaba na bei, bandia hazikosekani. Kuna spea mpya zilizotengenezwa kwa kufuata umbo la zile za mwanzo, ikiwemo silinda ya gesi ya mpango wa zamani. Zikiuzwa kwa jina lake, yaani nakala, hazina kosa, kwani humwezesha mwenye kasha la mwanzo kuionyesha bunduki ilivyokuwa bila kumnyang'anya mtu mwingine spea halisi. Tatizo huanza nakala inapobadilisha mikono mara mbili au tatu na neno "nakala" likaachwa njiani.

Vivyo hivyo kwa mihuri ya mbao, ambapo kitako kilichopigwa msasa kinaweza kupigwa muhuri mpya wa herufi za zamani. Wakaguzi hutazama kama kingo za herufi ni kali kuliko umri wa mbao, na kama nyuzi za mti zimelala au zimekatwa. Kwenye chuma hutazama rangi ya kijivu ya fosfeti. Chuma kilichopakwa upya huwa na rangi moja kila mahali, wakati bunduki iliyotumika hulika pale mikono na vyuma vinapogusana. Kupaka upya ili bunduki ing'ae ni njia ya haraka ya kupunguza bei yake.

Kuna jambo zito kuliko ulaghai. Spea za asili hazizalishwi tena, kwa maana kiwanda cha Springfield kilifungwa mwaka 1968. Kwa hiyo kila bunduki inayorudishwa katika usahihi inachukua spea kutoka bunduki nyingine. Mara nyingine inayochunwa ni ya mchanganyiko na hakuna kinachopotea. Mara nyingine inayofunguliwa ni iliyokuwa haijaguswa, kwa sababu spea zake zikiuzwa moja moja huleta fedha nyingi kuliko ikiuzwa nzima. Muuzaji hupata faida yake siku hiyo, lakini idadi ya mali ya ngazi ya juu inapungua kwa moja na haitaongezeka.

UGAVI UNAOTEGEMEA SERIKALI

Mwekezaji mdogo aangalie pia upande wa ugavi. Marekani iligawa Garand kwa washirika wake wengi, na bunduki hizo zikirudi hushusha au kutuliza bei ya ngazi ya chini. Mwaka 2010 mpango wa kurudisha zaidi ya 80,000 kutoka Korea Kusini ulizuiwa na serikali ya Marekani, na Agosti 2013 serikali hiyo ilitangaza sera ya kutoruhusu kampuni binafsi kurudisha silaha za kijeshi za namna hiyo. Miaka michache baadaye makumi ya maelfu ya Garand yalirudi kutoka Ufilipino na kukabidhiwa CMP.

Hata ukanda wetu umo. Mfalme Haile Selassie alipeleka kikosi cha Kagnew kupigana Korea, na jeshi lake lilipata silaha za Kimarekani. Katika miaka ya karibuni shehena za bunduki kuukuu za mataifa mbalimbali zimetolewa katika maghala ya Ethiopia na kuuzwa kwa wakusanyaji Marekani.

Shehena kama hizo huathiri zaidi bei ya bunduki za kawaida. Kwa bunduki za kabla ya 1940 zilizobaki katika hali yake, athari ni ndogo, kwani maghala ya nje yana bunduki zilizokwisha kupita karakana. Hata hivyo shehena inaweza kuleta makasha ya namba ndogo na spea za zamani ndani yake, na hapo bei ya spea hutikisika bila kutarajiwa.

MNADA UNASEMAJE

Rekodi mbili za mnada zinaweka jambo hili wazi. Garand namba 1,000,000, ambayo Garand mwenyewe alikabidhiwa alipostaafu mwaka 1953, iliuzwa na Rock Island Auction mwaka 2018 kwa dola 287,500. Nyingine, iliyonunuliwa mwaka 1959 na John F. Kennedy, wakati huo akiwa seneta, kupitia mpango wa serikali wa kuuzia raia, iliuzwa na mnada huohuo mwaka 2015 kwa dola 149,500.

Chuma cha bunduki hizo mbili si tofauti na cha maelfu mengine. Kilicholipiwa ni nyaraka na mfululizo wa umiliki usio na pengo. Hakuna kiasi cha spea halisi kinachoweza kuifikisha bunduki nyingine hapo.

MAFUNZO KWA MWEKEZAJI MDOGO

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa anayenunua au kukarabati kitu chochote cha kale, iwe gari la miaka ya 1960, mlango wa kuchongwa wa Zanzibar au sarafu, soko hili linatoa mafunzo manne.

Kwanza, kabla ya kubadilisha kipande chochote, piga picha na uandike kilichokuwepo. Kipande ulichokitoa kihifadhi kikiwa na lebo. Bunduki nyingi zilizopoteza thamani ziliharibiwa na wenye nia njema waliotupa kilichokuwa sahihi.

Pili, nunua ngazi moja kwa bei ya ngazi hiyohiyo. Ukilipa bei ya mali isiyoguswa kwa mali iliyokarabatiwa, hakuna spea itakayokurudishia tofauti hiyo.

Tatu, panga muda. Fedha iliyoingia kwenye ukarabati haitoki haraka, na wanunuzi wenye ujuzi ni wachache. Asiingize humo ada ya shule wala mtaji wa duka.

Nne, na hili ndilo linalolinda soko zima, unapouza sema ulichofanya. Mkarabati anayeandika kwamba kitako kilibadilishwa mwaka fulani na silinda ni nakala atapata bei ya ngazi ya kati, ambayo ni halali yake. Anayenyamaza anaweza kupata zaidi mara moja, lakini fedha hiyo ya ziada imetoka katika mtaji wa mnunuzi anayefuata, ambaye atajua siku atakapopeleka mali kwa mkaguzi. Wanunuzi wakishaumwa mara mbili tatu huanza kuishuku hata mali safi, na bei ya wote hushuka, akiwemo muuzaji mwaminifu ambaye hakumdanganya mtu.

Kwa sasa bunduki za mwanzo ambazo hazijaguswa zinabaki mikononi mwa makumbusho na wakusanyaji wachache, na zinapotoka huenda moja kwa moja kwa wenye fedha nyingi. Mwekezaji mdogo wa huko anabaki na ngazi ya kati. Humo riziki ipo, mradi aandike kila spea na tarehe aliyoifunga, na amkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na mali yenyewe.